Miche ya nyanya imegeuka njano juu ya robota: usilitupe

Mkuu, pole kwa hiyo miche. Umesema uliipanda kwenye robota la mabua makavu siku ileile uliyolishusha kwenye guta, ukamwagilia asubuhi na jioni, wiki haijaisha majani yakawa njano, na ulipoingiza kidole ukakuta ndani kunafukuta. Hapo hakuna ugonjwa, usiende kununua dawa. Ulipanda mapema mno, basi. Msimu wangu wa kwanza nilifanya hivyohivyo, tena kwa marobota sita kwa mpigo.

Niko Moshi, nyumba ya kupanga, ua mzima saruji, na mwenye nyumba hataki kusikia habari za sururu. Marobota nayafuata upande wa Chekereni mara tu mpunga ukishavunwa. Ukingoja kiangazi utagombania na wafugaji. Hakikisha unauziwa mabua ya mpunga au ya ngano, siyo nyasi za malisho. Mabua yameshapurwa, mbegu zilizobaki ni chache. Nyasi za malisho huja na mbegu zake, utapalilia hadi uchoke.

Kuhusu ile njano: mabua yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo sana. Yakilowa, bakteria na kuvu huanza kuyaozesha, na kazi hiyo inawataka wapate naitrojeni. Wataichukua popote ilipo, pamoja na ile uliyotegemea iende kwenye miche. Tena wakiwa kazini wanatoa joto. Katikati ya robota linaweza kupita nyuzi 50. Mizizi ya mche mchanga inapikwa hivihivi, huku juu ina njaa.

Kwa hiyo robota lilishwe kwanza. Mimi siku ya kwanza nalilowesha mpaka maji yatoke chini, halafu nanyunyizia nusu kikombe cha chai cha urea, mbolea ya naitrojeni, na kumwagia tena ili izame. Siku ya tatu na ya tano narudia; siku za katikati ni maji tu. Kuanzia siku ya 7 hadi ya 9 naweka robo kikombe kila siku. Siku ya 10 kikombe kizima cha NPK, yaani mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Baada ya hapo nasubiri. Kipimo changu ni kipande cha nondo: nakichomeka hadi katikati, nakiacha dakika kumi, nakichomoa na kukishika. Kikiwa cha moto, miche ibaki kitaluni. Kikiwa vuguvugu tu, napanda. Kwa kawaida ni wiki mbili, ila Julai na baridi yetu hii nilingoja siku 18. Samadi ya kuku nayo inafaa, lakini inachukua muda zaidi, na wapangaji wenzangu walinijia juu kwa sababu ya inzi.

Robota lilaze upande wa mabua yaliyokatwa ukitazama juu, kamba zikae ubavuni. Tazama kamba yenyewe: ikiwa ya katani itaoza kabla hujavuna na robota litafumuka, kwa hiyo zungushia ya nailoni mapema. Uyoga ukichipua usiogope, wala usiule. Mchwa ndio wa kuogopa. Marobota yangu mawili niliyaweka pembeni penye udongo, wakayala kutoka chini kimyakimya. Nilijua siku nilipoliegemea moja likabonyea kama mto wa sufi. Yaliyokuwa juu ya saruji hayakuguswa.

Nyanya napanda miche miwili kwa robota, pilipili hoho minne. Nachimba shimo la ngumi, najaza mboji, napanda humo. Aina ya nyanya iliyonifaa ni Tengeru 97. Fito usizichomeke kwenye robota, baada ya miezi miwili limelainika na vyote vinalala. Mimi navuta waya ukutani. Maji ni kila siku, jua likiwa kali mara mbili, kwa sababu robota halishiki maji kama udongo. Nilipokuwa nikiruka siku, nyanya zilioza kitako. Mahindi sahau.

Faida niliyoiona, mbali na kutopiga jembe, ni kuukwepa mnyauko. Pale kwa mama yangu udongo umeshaharibika kwa mnyauko bakteria, kila mwaka nyanya zinakauka zikiwa na matunda. Kwenye robota halijanitokea bado.

Kwa hilo lako, ng'oa miche iliyokufa uliache robota palepale. Lilikwisha anza kuoza lenyewe, kwa hiyo anza na urea leo, fuata ratiba, pima na nondo. Wakati huo otesha miche mipya kwenye trei. Ila kabla hujamwaga maji tena, liinue na mtu mwingine mtandike turubai chini. Yale maji ya kahawia yanaacha madoa kwenye saruji, na kwangu yalikatwa kwenye amana ya nyumba.