Vikundi 5 vya michakato, maeneo 10 ya maarifa: vinakutana wapi?

SWALI: Najiandaa kwa mtihani wa usimamizi wa miradi kwa kutumia mwongozo wa PMI (Taasisi ya Usimamizi wa Miradi), toleo la 6 la mwaka 2017. Nilidhani vikundi 5 vya michakato ni hatua za mradi, na kila hatua ina maeneo yake ya maarifa. Mbona vihatarishi navikuta karibu kila mahali?

JIBU: Ndugu msomaji, chora jedwali. Safu wima ni 5: kuanzisha, kupanga, kutekeleza, kufuatilia na kudhibiti, kufunga. Safu mlalo ni 10: uunganishaji (kuratibu sehemu zote za mradi), mawanda (mipaka ya kazi ya mradi), muda, gharama, ubora, rasilimali, mawasiliano, vihatarishi, manunuzi, wadau. Michakato yote 49 hukaa safu hizo zinapokutana. Kupanga kumebeba 24, kufunga 1 tu. Vihatarishi vina 7: 5 kwenye kupanga, 1 kwenye kutekeleza, 1 kwenye kudhibiti.

Visanduku vitupu navyo vinafundisha. Gharama haina mchakato kwenye kutekeleza, kwa sababu fedha hutumika kupitia kazi inayoongozwa chini ya uunganishaji. Uunganishaji ndio eneo pekee linalogusa safu zote 5.

Vikundi si hatua. Katika mradi wa maji, hatua ni upimaji, uchimbaji wa kisima, ujenzi wa mnara, ufungaji wa pampu. Kila moja yaweza kupitia vikundi vyote 5.

Tuseme mnara wa tangi la lita 5,000 umeanza kujengwa, kijiji kikaomba lita 10,000. Maji peke yake yanapanda kutoka tani 5 hadi 10. Ombi linaingia kwenye udhibiti wa mabadiliko, ndani ya uunganishaji. Kabla halijaidhinishwa, mhandisi apige upya hesabu za msingi na nguzo. Nyongeza ya bei na siku ijulikane. Mkataba wa mkandarasi usomwe. Likikubaliwa, mnarudi kupanga: mipango msingi (ile iliyoidhinishwa ya kupimia maendeleo) ya mawanda, muda na gharama inasahihishwa, ndipo kazi iendelee.

Hapa ndipo wengi hukosea. Michoro hubadilishwa, mkataba ukaachwa ulivyo. Mkandarasi hujenga kwa michoro mipya, kisha hudai fedha ambazo hazimo kwenye bajeti, na malipo ya mwisho hukwama.

Hakikisha pia mtihani wako unafuata toleo lipi: la 7, la mwaka 2021, limejengwa juu ya kanuni 12 na nyanja 8 za utendaji, si jedwali hili.