Jibu: Mama ana ganzi miguuni, jirani ashauri maji moto na chumvi

Limwage hilo karai kwanza, ndipo usome.

Wasema mama ana kisukari, daktari kamgonga kinyundo nyuma ya kifundo na mguu haukustuka. Wauliza mstuko huo ni nini. Jirani naye ashauri mumloweshe miguu "ganzi iyeyuke". Huyo jirani namjua! Mimi nami nina ganzi miguuni, na hapa Majengo nilikuwa na jirani wangu, mkandaji, ati ana mkono wa baraka.

Nilikaa barazani baada ya Isha, miguu yote miwili karaini, twapiga soga. Nikamwambia maji mbona vuguvugu. Akaongeza ya birika. Nikasema bado, akaongeza tena. Aliyepiga ukelele ni mke wangu, alipotia kidole kuyajaribu: mkono uliruka kabla hajasema "Yallah". Miguu yangu mimi imetulia kama pweza chunguni, na kama pweza ikaiva. Malengelenge, kidonda, miezi minne ya bandeji, na kidole kimoja nikakiacha hospitali. (Kiatu cha kushoto sasa hakinibani.)

Mkono wa mke wangu haukungoja ubongo. Ngozi ilihisi moto, neva ikapeleka habari uti wa mgongo, na amri ya kujitoa ikarudi kwa misuli kutoka huko huko. Ubongo huja kuyasikia maumivu mkono umeshatoka. Ndiyo refleksi. Ya kifundo nayo hupita uti wa mgongo: kinyundo huvuta kano, shavu la mguu likakaza, wayo ukaruka. Sasa kisukari huanza na neva ndefu, zile za miguuni. Misuli ipo, uti upo, mjumbe ndiye hayupo. Wako wazee wasiostuka kifundo bila ugonjwa wowote, lakini kwa mwenye kisukari na ganzi juu yake, usitegemee mguu ujitoe motoni wenyewe.

Mkandaji nilipomuuliza alinijibu, "Ganzi ilikuwa yatoka." Ilitoka na kidole!

Kwa hivyo kuloweka hakuna, na maji yoyote ya kumwosha mama yapimwe kwa mkono wa mtu mwingine, mzima. Si kwa mguu wake, wala asikwambie "nayasikia". Hata mimi nilisema nayasikia. Siku hizi maji yangu ya kuoga hunipimia mjukuu, naye kila Ijumaa adai shilingi 20.