Mkonge wangu ulioza, sasa nina watoto 9

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, mkonge wangu wa mapambo naumwagilia kila jioni lakini majani ya chini yanalainika. Niongeze mbolea?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo niliwahi kuuliza mimi, nikajibiwa ovyo.

Huku Dodoma mvua ni Desemba hadi Aprili. Miezi mingine ni vumbi na upepo. Nilitaka kijani mlangoni bila bili ya maji ya kuniliza. Kwa muuza miche mmoja wa barabarani nikanunua mkonge ule wa majani membamba yenye kingo nyeupe, ndugu wa mkonge wa katani. "Mwagilia kila siku, mama, usiuache ukauke," akaniambia. Nikatii. Nusu ndoo kila jioni, kwenye chungu cha kung'aa kuliko vyote mtaani, kisicho na tundu hata moja. Mwezi wa tatu nikavuta jani la katikati, likanibaki mkononi. Harufu yake, jamani! Jirani yangu, mama mtu mzima, alikuwa anachungulia: "Yaani hata mkonge unakufa kwako?"

Maneno hayo nimeyabeba miaka minne.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba mkonge hufungua vitundu vya majani yake usiku, jua likishazama, ndiyo maana haupotezi maji hovyo. Una akiba majanini. Ukiuloweka, mizizi inakosa hewa na kuoza.

Na kuanza upya si aibu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikapona 62 tu, na kutokana na hiyo yakaenea mashamba ya Tanga. Mimi nilipoteza mmoja tu, nikapanda mwingine.

Basi toboeni vyungu! Ninyi mnaonunua chungu kwa sababu kinapendeza sebuleni, mnanunua kaburi. Mimi sasa natumia ndoo kuukuu ya rangi yenye matundu matano, imewekwa juu ya matofali, juani kutwa. Ndani ni mchanga wa mtoni na kokoto ndogo nusu kwa nusu na udongo, samadi iliyooza kiganja kimoja. Kiangazi namwagilia kila baada ya wiki mbili, tena baada ya kuchomeka kijiti na kukikuta kikavu hadi chini. Masika siugusi. Narudia: siugusi.

Mwaka wa pili watoto wakaanza kuchungulia pembeni mwa mama yao. Nawaacha wafikie urefu wa kiganja, nawakata kwa kisu kikali, nawaweka kivulini siku nne kidonda kikauke, ndipo napanda. Vaeni glavu, utomvu wake unawasha, na miiba ya ncha haina huruma kwa watoto wa binadamu. Msiwatupe wale wadogo: mama akishatoa ua lake la mara moja hufa, na wao ndio hushika nafasi yake.

Wewe uliyeniandikia, mbolea acha kabisa. Ung'oe leo, kata mizizi myeusi, na kama shina bado gumu uache ukauke kabla ya kuupanda upya.

Jana yule jirani kamtuma mjukuu wake na kopo. Nimempa mtoto mmoja. Mdogo kuliko wote.