RAM mpya, hitilafu zilezile

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina stationari Nkuhungu, Dodoma. Kompyuta yangu ya mezani ilianza kuleta skrini ya bluu nikiwa naprinti kazi za wateja. Fundi akaipima kwa programu ya MemTest86, ikaleta makosa 47. Akasema RAM (kumbukumbu ya muda) zote mbili zimekufa. Nikanunua mbili za GB 8, aina ya DDR4, moja imeandikwa mwendo wa 3200 na nyingine 2666. Kupimwa tena, makosa 112! Fundi wa pili akatumia kipimo cha Windows, akasema RAM ni nzima, nipige Windows upya. Nimwamini yupi?

JIBU: Njema, dada. Usimwamini hata mmoja.

Kipimo cha RAM kinaandika namba, kinaisoma tena, kinalinganisha. Ikirudi tofauti, kinahesabu kosa. Namba imeharibikia wapi, hakijui. Kati ya hesabu na chipu kuna safari: kidhibiti cha kumbukumbu kilichomo ndani ya prosesa, pini za soketi, njia za shaba za mazabodi (bodi kuu), sloti, meno ya dhahabu ya RAM, na umeme wa volti 1.2 ambao hautakiwi kutetereka. Popote pakilegea, skrini inajaa wekundu, na lawama inabebeshwa RAM kwa kuwa ndiyo inayochomoka kirahisi na ndiyo iliyopo kaunta inasubiri mnunuzi. Kwako RAM nne zimepita kwenye mashine moja, na jozi zote mbili zimeleta makosa. Sloti moja chafu ni rahisi kuaminika kuliko hilo.

Anza na BIOS, ile mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows, kabla ya kugusa bisibisi. Rudisha mipangilio ya kiwandani na hakikisha XMP, yaani mpangilio wa kuongezea RAM mwendo, imezimwa. Ile 3200 iliyoandikwa kwenye RAM nyingi za mezani hupatikana kwa XMP tu, mara nyingi kwa volti 1.35. Ukiichanganya na ya 2666 huku XMP imewashwa, mazabodi inaweza kuzilazimisha zote mbili mwendo ambao mojawapo haikuahidi kuuweza. Makosa yakiisha baada ya hapo, hukuwa na RAM mbovu, ulikuwa na mpangilio mbovu. Ziache ziende mwendo wa ile ya chini. Kwa kuprinti na kuskani hutaona tofauti.

Yakibaki, zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi, kisha shika chuma cha kasha kabla ya kugusa chochote ndani. Kiangazi cha Dodoma kikavu namna hii, mwili unabeba umeme tuli wa kutosha kuua chipu bila wewe kuhisi cheche. Na vumbi lile jekundu la Julai hadi Oktoba huingia ndani ya sloti, RAM ikikandamizwa linabaki katikati ya meno. Puliza sloti kwa blowa, si kwa mdomo, mate yana chumvi. Sugua meno ya RAM kwa kifutio cheupe, malizia kwa kitambaa chenye alkoholi ya isopropili. Petroli hapana. Msasa hapana kabisa: tabaka la dhahabu ni jembamba mno, ukipitisha msasa unalikwangua.

Kisha weka RAM moja tu, kwenye sloti ambayo kitabu cha mazabodi kinaitaja kwa RAM moja (kwenye bodi za sloti nne mara nyingi ni ya pili kutoka kwenye prosesa), isukume mpaka kibanio kilie. Pima. Kosa la kwanza likitokea simamisha, huna haja ya kuhesabu. Idadi inayokubalika ni sifuri. Hamisha RAM ileile sloti nyingine, pima tena. Kosa likiifuata RAM kila inakokwenda, hapo ndipo RAM ni mbovu. Likibaki kwenye sloti, ni sloti, au pini ya prosesa iliyopinda, au feni ya prosesa iliyokazwa upande mmoja hadi prosesa ikakaa kombo. Likitokea kwa kila RAM na kila sloti, azima pawa saplai nzima ujaribu nayo kabla ya kuituhumu prosesa.

Ukisikia fundi anasema "kosa liko gigabaiti ya 11, kwa hiyo ni RAM ya pili", mshukuru uondoke. RAM mbili zikifanya kazi kwa chaneli mbili, data hugawanywa vipande vidogo kwa zamu, kimoja huku kimoja kule, kwa hiyo anwani haikuonyeshi RAM ipi. Cha kuangalia ni namba iliyotarajiwa na iliyopatikana. Ikitarajiwa FFFFFFFF ikarudi FFFFFBFF, biti moja tu (tarakimu moja ya 0 au 1) imegeuka. Ikiwa ni biti hiyohiyo kila mstari, tafuta jino chafu au chipu moja iliyokufa. Zikiruka ovyo, tazama mipangilio, umeme, prosesa. Na kama makosa yote 112 yako kwenye kipimo namba 13 cha MemTest86 peke yake, hilo ni jambo jingine: kinagonga safu moja ya chipu mfululizo ili kuona kama safu jirani itatikisika, kazi ambayo kuprinti hakuifanyi.

Sasa huyo fundi wako wa pili. Kipimo cha Windows kikiachwa kilivyo ni kifupi. Bonyeza F1 kinapoanza, chagua kile kirefu, halafu F10. Hata hivyo, "hakuna kosa" la nusu saa asubuhi halina uzito. Chipu ikipata joto hupoteza chaji haraka, na mashine inayokosea saa nane mchana chini ya bati la Oktoba inaweza kupita usiku bila doa. Acha MemTest86 imalize duru zake nne, ukijua duru ya kwanza imefupishwa makusudi. Kama una Memtest86+, ambayo ni programu nyingine yenye jina la kufanana, tumia toleo la 6 au la baadaye, lile 5.01 linalozunguka kwenye flashi za mafundi ni la 2013, kabla DDR4 haijafika madukani. Na kupiga Windows upya juu ya RAM inayokosea ni kuandika mafaili mapya yaliyokwisha kuharibika.

Kuna pia wanaouza programu za "kutibu RAM" na wanaopasha chipu kwa hewa ya moto. Hakuna programu inayofufua chipu, na joto lile hulegeza lehemu ya chipu iliyokuwa nzima. Anayekupimia na ndiye anayekuuzia, mwambie apime RAM moja moja mbele yako, sloti kwa sloti. Akisema hana muda, hana pia haki ya kusema imekufa.

Zile RAM mbili za zamani zidai leo, kama bado ziko kwa fundi wa kwanza. Zisafishe, zipime moja moja kwa utaratibu huohuo.