Umegongwa Dar, kwenu Tanga: maswali kuhusu fidia

Maswali ya safari hii yametoka mkoani Tanga, lakini ajali zenyewe karibu zote ni za Dar es Salaam.

Daladala lilinigonga Kariakoo. Nikatibiwa haraka, nikarudi nyumbani bila PF3 (fomu ya polisi ya matibabu). Nimechelewa? (Makorora)

Bado, ila usilale. Dharura hutibiwa kwanza, fomu ikafuata. Anza na kituo cha polisi cha kule ajali ilikotokea, upate namba ya taarifa na PF3 yenyewe. Sehemu moja ya fomu hujazwa na polisi, nyingine na daktari, na daktari wa kuijaza ni yule aliyekutibu, akiwa na faili lako mbele yake. Ukimpelekea wa Bombo mwezi mmodi baadaye, ataandika anachokiona siku hiyo, kidonda kikiwa kimeshafunga.

Isome kabla hujaondoka dirishani. "Maumivu ya mguu wa kulia" itakuumiza mara ya pili. Kama mfupa ulivunjika, iandikwe hivyo: mfupa wa muundi, mguu wa kulia, umevunjika, na tarehe ya eksirei. Piga nakala mbili tatu, ile halisi usimwachie mtu.

Dereva alikiri kosa mahakamani, akalipa faini. Naambiwa kesi imekwisha. Mimi napata nini? (Ngamiani)

Faini ni ya serikali. Iliyokwisha ni kesi ya jinai. Ya madai ni yako na hujaifungua. Hakimu aliyemtia hatiani alikuwa na uwezo wa kuamuru akulipe fidia palepale, lakini majeruhi asipokuwapo kuomba, jambo hilo hupita kimya.

Hata hivyo, kule kukiri kwake ni mali yako. Omba mahakamani nakala ya hukumu iliyothibitishwa. Kwa Sheria ya Ushahidi, muda wa rufaa ukishapita, hukumu hiyo inathibitisha kosa lake katika kesi ya madai, mabishano yakabaki kwenye kiasi. Iambatanishe na ramani ya eneo la ajali pamoja na fomu za trafiki ambazo bima huziuliza kwa namba: PF90, PF93 na PF115.

Nimshitaki dereva, tajiri au bima? Na kesi lazima ikafunguliwe Dar? (Muheza)

Dereva na tajiri pamoja. Dereva anayepeleka hesabu jioni hana cha kukulipa, na tajiri hubeba kosa la dereva aliyekuwa kwenye kazi yake. Jina la mmiliki litafute kwenye usajili wa TRA. Lililopakwa kioo cha nyuma ni mapambo tu.

Bima inaingia kwa mlango wa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inayolazimisha chombo cha moto barabarani kiwe na bima ya mtu wa tatu, yaani ya kumlipa anayeumizwa nacho. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, uone kama bima ilikuwa hai siku ya ajali, kisha uchapishe ukurasa huo. Kampuni hulipa hukumu iwapo ilijulishwa kuhusu kesi, kwa hiyo ipelekee barua kabla ya kufungua, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, watasema hawakuiona.

Kuhusu mahali, sheria inakupa uchaguzi: ulipoumizwa, au mdaiwa anapoishi au kufanyia biashara. Basi la tajiri wa Tanga likikuumizia Mbezi, waweza kushitaki Tanga. Daladala la Gongo la Mboto, nauli ya Dar haikwepeki. Muda wako ni miaka 3, na mazungumzo na bima hayaisimamishi saa.

Bima wananipa milioni mbili, nisaini leo. Mimi ni mvuvi, mguu una chuma. (Pangani)

Usisaini leo. Tafuta kwenye karatasi yao maneno "malipo kamili na ya mwisho": ukishayawekea sahihi, upasuaji wa kutoa hicho chuma ni wa mfukoni mwako. Ngoja ripoti ya daktari inayotaja asilimia ya ulemavu wa kudumu.

Kisha piga hesabu kwa mafungu mawili. Hasara halisi hutajwa moja moja na kuthibitishwa moja moja: risiti za hospitali na dawa, tiketi, na kwa mvuvi, daftari la mnada dikoni au barua ya BMU (kikundi cha usimamizi wa fukwe) kuonyesha ulichokuwa ukipata. Bodaboda hawatoi risiti, basi andika tarehe na nauli siku ileile. Fungu la pili ni maumivu na ulemavu, ambalo hakimu hukadiria mwenyewe. Mkishindwana, kabla ya mahakama yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Nilikuwa kwenye gari la kazini. (Korogwe)

Mwambie mwajiri apeleke taarifa WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, mara moja. Huko huhitaji kuthibitisha uzembe wa dereva, na mchango ni wa mwajiri.

Abiria wa bodaboda bila kofia ngumu anapoteza haki? (Chumbageni)

Hapana, fidia yaweza kupunguzwa. Na kama kilichovunjika ni mkono, kofia inahusikaje? Wakili wako aliulize hilo mapema.

Sina pesa ya wakili. (Ngamiani)

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawahusu watu kama wewe. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, uende na PF3, risiti na namba ya gari.