Ushuru umefutwa, mbona mahindi yangu yanakwama Namanga?

Swali: Nanunua mahindi Kiteto na kuuza Nairobi. Tunaambiwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hakuna ushuru wa forodha, lakini lori langu hukwama Namanga. Tatizo nini? Na soko hili kweli linakuza uchumi?

Jibu: Ndugu, ushuru umefutwa kwa mazao ya nchi wanachama tu, na wewe ndiye wa kuthibitisha kuwa mahindi ni ya hapa. Usipokuwa na cheti cha uasili, yatahesabiwa kuwa yametoka nje ya Jumuiya, ambako ushuru ni asilimia 50. Mzigo usiozidi dola 2,000 hupewa cheti kilichorahisishwa palepale mpakani. Lori lililojaa kwa kawaida huzidi thamani hiyo, hivyo wakala wako wa forodha aandae cheti kamili kabla hujaondoka, kikitaja na wilaya yalikolimwa. Usiugawe mzigo ili uingie kwenye kiwango kidogo, utashikiliwa.

Kinachowakwamisha wengi zaidi ni sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu wa nafaka. Kiwango cha juu ni sehemu 10 kwa bilioni, na unyevu usizidi asilimia 13.5. Sumukuvu haienei sawasawa: punje chache zenye ukungu zinaweza kuchafua gunia zima huku la jirani likiwa safi. Ukipiga bambo (chuma cha kuchomea gunia na kutoa sampuli) gunia moja la juu, majibu ya maabara yatakudanganya. Chukua sampuli magunia mengi, juu, katikati na chini, changanya vizuri, ndipo upeleke. Pima unyevu shambani kabla ya kulipa. Mahindi mabichi yakifunikwa turubai siku mbili tatu kwenye foleni yanavunda. Cheti cha afya ya mimea na vibali vya kutoa na kuingiza viwe na majina na uzito unaolingana na ankara.

Kuhusu uchumi, ndiyo, unakua, ila kwa sharti moja: mpaka utabirike. Tanzania ilizuia mahindi kutoka mwaka 2011 na tena 2017. Kenya nayo ikazuia yasiingie Machi 2021. Kila zuio huangusha bei kwa mkulima, naye msimu unaofuata hulima eneo dogo. Mashine ya kukaushia nafaka hurudisha gharama baada ya misimu kadhaa, na hakuna atakayekopa kuinunua kama hajui iwapo soko la Nairobi litakuwa wazi mwakani. Serikali zetu zingetangaza masharti kabla ya kupanda, siyo malori yakiwa tayari barabarani.