Oscar Inavyoonekana Kutoka Mlangoni

Wadogo zangu, mmeniuliza: "Dada, wewe uko Los Angeles, tuambie ukweli. Oscar hupewa kazi nzuri au hupewa wenye watu wao? Na sisi wasichana tunaoongoza filamu, tuje huko?" Nimekaa na swali lenu wiki nzima. Sitaki kuwavunja moyo, na kuwadanganya siwezi.

Msimu wa tuzo ukianza, mimi hupata kibarua cha kupokea wageni kwenye maonyesho ya filamu kwa wapiga kura wa Oscar. Natafuta jina kwenye orodha, namwonyesha mgeni kiti. Filamu ya studio kubwa ikionyeshwa, ukumbi hujaa mapema, na waigizaji hubaki kuzungumza na wageni. Ukipita Sunset Boulevard, nyuso zao ziko juu ya mabango. Usiku mmoja ilikuwa zamu ya mama aliyehangaikia filamu yake miaka sita. Ukumbi una viti zaidi ya 200. Nilihesabu watu 19. Alinijia mlangoni, akauliza kwa sauti ya chini kama nje kuna foleni. Hakukuwa na foleni. Akashusha pumzi, akaingia, akazungumza na wale 19 kama vile ukumbi umefurika. Niliitazama filamu yake nikiwa nimesimama nyuma, na machozi yalinitoka. Haikuteuliwa.

Nani angeiteua bila kuiona? Tuzo hizi zilianza 1929, lakini ni mwaka 2025 tu Akademia, chama cha watu wa filamu kinachotoa Oscar, ilipotangaza kwamba mwanachama lazima awe ametazama filamu zote zilizoteuliwa katika kipengele ndipo apige kura ya mwisho. Na hata hivyo, sharti hilo linazisaidia zilizokwisha kuteuliwa. Kufika hapo ni mabango, maonyesho na wasemaji wa kulipwa, na pesa hiyo huwafuata wale ambao studio imezoea kuwaamini.

Sasa tazameni anayeteua ni nani. Waongozaji huteuliwa na waongozaji, wapiga picha za filamu na wapiga picha wenzao. Mwaka 2012 gazeti la Los Angeles Times lilichunguza orodha ya wanachama likakuta wanaume ni asilimia 77. Kwa hiyo sishangai kwamba hadi sherehe ya 2025, wanawake waliowahi kushinda kwa uongozaji ni watatu: Kathryn Bigelow mwaka 2010, Chloé Zhao 2021 na Jane Campion 2022. Kwa upande wa upigaji picha, Rachel Morrison alikuwa mwanamke wa kwanza hata kuteuliwa tu, na hiyo ilikuwa 2018. Zhao na Campion walifuatana baada ya Akademia kuanza, mwaka 2016, kuingiza wanawake wengi zaidi. Mimi siamini kwamba vipaji vya wanawake viliongezeka ghafla miaka hiyo. Waliokaa mezani ndio waliobadilika.

Lakini kabla hamjafunga mizigo, kumbukeni mlango wa kwanza uko hukohuko nyumbani Kenya. Kwenye tuzo ya Oscar ya filamu ya kimataifa, kila nchi hupeleka filamu moja tu. Mwaka 2018 mwongozaji wetu Wanuri Kahiu alikuwa na Rafiki, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha la Cannes, na bodi yetu ya filamu ikaipiga marufuku kwa sababu inaonyesha wasichana wawili wanaopendana. Ilibidi aende Mahakama Kuu apate siku saba za kuionyesha ili tu iweze kufikiriwa kupelekwa Oscar. Watu walijazana kumbini Nairobi. Mwishowe Kenya ilipeleka Supa Modo, ambayo nayo ni filamu ninayoipenda sana, na sina neno nayo. Kinachoniuma ni kwamba mwanamke alilazimika kwenda mahakamani kabla hajaruhusiwa hata kushindanishwa.

Kwa hiyo, mje? Msije mikono mitupu mkitarajia kwamba kuwa karibu na Hollywood kutawafungulia. Mimi niko karibu nayo kwa miaka tisa sasa, na ukaribu wangu unaishia kwenye orodha ya majina. Imalizeni filamu kwanza, hapo mlipo, na watu wenu. Ikishaiva, nitumieni. Msimu ujao nitakuwa mlangoni tena, na katika wale 19 wako watano ninaowafahamu, nao huja kila mara.